Theluji Itaangukia Wapi? Kusoma Utabiri wa Siku Mbili kwenye Barabara ya I-80

"Kaka, I-80 ikoje kesho?"

Kuanzia Novemba hadi Machi, ujumbe huo huingia kwenye simu yangu mara nyingi kuliko salamu. Mdogo wangu ni dereva wa lori. Mimi naishi Iowa, katikati ya Marekani, na nina mazoea ya kusoma taarifa za hali ya hewa kabla ya chai ya asubuhi. Swali lake ni fupi, lakini barabara anayoiulizia inaanzia San Francisco, kwenye Bahari ya Pasifiki, na kuishia Teaneck, New Jersey, jirani na New York. Ni kilometa kama 4,660. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilometa 1,250 hivi, kwa hiyo unganisha karibu safari nne za namna hiyo. Siku moja, barabara hiyohiyo inaweza kuwa na mvua, upepo wa kuangusha tela, jua linalowaka huku baridi inakata masikio, barafu isiyoonekana, na theluji ya kufika magotini. Ndugu wakiuliza kutoka nyumbani, "Marekani kuna theluji?", nami huuliza: Marekani ya wapi?

Wengi wetu tuliohamia huku tunautazama utabiri kwenye simu kama picha ya wingu na namba pembeni. Picha ile inaficha karibu kila jambo la maana. Ninataka kuufungua utabiri wa siku mbili za mbele kwa kuifuata barabara hii kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa kuwa dhoruba za huku nazo kwa kawaida husafiri kuelekea upande huo.

Saa kumi na mbili, mara mbili kwa siku

Kazi inaanza na puto. Idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani ina ofisi 122 za utabiri, na kutoka vituo kadhaa vya nchi hurushwa puto kubwa lenye kifaa kidogo kinachoning'inia kwa kamba. Kifaa hicho hupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na mwendo wake unaonyesha upepo unakoelekea, hadi puto lifike kilometa 30 au zaidi juu na kupasuka. Maputo haya hurushwa ulimwenguni kote kwa nyakati zilezile: saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za Greenwich. Kwa Dar na Nairobi hiyo ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kwa Iowa wakati wa baridi ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nimeipenda ratiba hiyo tangu niijue: jua la majira ya baridi halijachomoza bado, na tayari mtu ameshika puto kwenye upepo, analiachia.

Vipimo hivyo, pamoja na vya setilaiti, ndege, rada na maboya ya baharini, huingizwa kwenye kompyuta kubwa zinazokokotoa hewa itakavyokwenda. Mpango wa hesabu hizo huitwa modeli. Modeli ya Marekani inayotazama dunia nzima huendeshwa mara nne kwa siku. Wazungu wa Ulaya wana yao, inayoheshimika sana. Ipo nyingine ya Marekani peke yake, inayoendeshwa kila saa na kuigawa nchi katika vipande vya kilometa tatu tatu. Wataalamu walioko College Park, Maryland, hulinganisha modeli hizo na kuandika, mara mbili kwa siku, maelezo mafupi ya nchi nzima kwa siku mbili hivi zijazo. Maelezo hayo yanasomwa bure na mtu yeyote. Ndiyo ninayoanza nayo mimi, kwa sababu ni mtu anayeeleza anachokiamini na kiasi anachokiamini. Namba ya kwenye simu haielezi hilo.

Baridi peke yake haileti theluji

Hapa ndipo wageni wengi tunapopotea, nami nilipotea hapo miaka yangu ya mwanzo. Tunaona nyuzi joto 20 chini ya sifuri tukadhani theluji inakuja. Kumbe siku za baridi kali kuliko zote huku Iowa huwa ni siku za anga jeupe na jua. Hewa baridi sana haibebi unyevu mwingi, na mgandamizo mkubwa wa hewa unaoshuka kutoka Kanada huikandamiza hewa chini na kufuta mawingu. Theluji inahitaji vitu vitatu vikutane: unyevu, kitu cha kuunyanyua, na ubaridi uliopo katika kimo kinachofaa. Vikikutana vyote barabara inafungwa, na kikikosekana kimoja dereva anapita.

Anayepanga mkutano huo ni mkondo wa upepo wa juu, unaopita kilometa tisa hadi kumi na mbili juu ya vichwa vyetu kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi mara nyingi unazidi kilometa 160 kwa saa. Haunyooki. Unapinda kama mto: unapanda kaskazini ukifanya mgongo, unashuka kusini ukifanya bonde. Chini ya mgongo hali ya hewa hutulia na joto huwa la juu kidogo. Kwenye bonde hewa ya Kanada humwagika kusini. Na upande wa mashariki wa bonde, pale mkondo unapoanza kupanda tena, hewa hunyanyuliwa na dhoruba huzaliwa. Ukisoma maelezo ya College Park, sentensi ya kwanza karibu kila siku hukueleza bonde liko wapi. Lijue hilo kwanza, mengine utayaelewa.

Milimani, namba ya kutafuta ni kimo

Tuseme bonde limefika California. Mkanda mrefu wa unyevu, unaoitwa mto wa angani, unatoka upande wa Hawaii na kugonga milima ya Sierra Nevada. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga. I-80 inavuka milima hiyo kwenye kilele cha Donner, mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Eneo hilo hupata theluji ya mita tisa hivi kwa mwaka wa kawaida. Jina lake linatokana na msafara wa wahamiaji ulionaswa hapo majira ya baridi ya 1846 hadi 1847, na karibu nusu ya watu wake wakafa.

Kwa dereva, kiasi cha mvua itakayonyesha Sacramento si hoja. Hoja ni mstari wa theluji utakaa kwenye kimo gani. Ukikaa futi 8,000 (mita 2,400 hivi), kileleni kunanyesha maji tu. Ukishuka hadi futi 5,000 (mita 1,500 hivi), foleni ya kufunga minyororo ya matairi inaanza mbali chini ya kilele, usiku, watu wakilala kwenye matope na taa ya kichwani. Utabiri wa siku mbili huutaja mstari huo, na pengine huutaja kwa saa: juu asubuhi, chini jioni hewa baridi ikifika nyuma ya mvua.

Nevada inapata mabaki. Milima imeshakamua unyevu.

Wyoming ni habari ya upepo. Kati ya Laramie na Rawlins, karibu na mlima Elk, barabara inapita kwenye uwazi ambao hewa hubanwa na kuongeza kasi kama maji kwenye bomba jembamba. Mawimbi ya upepo ya kilometa 100 kwa saa si kitu cha kushangaza huko Januari. Tela tupu linaanguka kwa upepo huo bila hata tone la theluji kushuka. Na theluji iliyokwisha kuanguka juzi inanyanyuliwa na kukimbizwa juu ya lami, mdogo wangu anasema ni kama kuendesha ndani ya maziwa, huku ukiinua macho unaona anga la buluu.

Ndiyo maana maana rasmi ya tufani ya theluji huku haitaji kina cha theluji hata kidogo. Inataka upepo wa kilometa 56 kwa saa au zaidi, mtu asione mbele zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi. Mtu anayesoma utabiri kwa kutazama sentimeta za theluji peke yake ataiona Wyoming ina sentimeta mbili, ataondoka na moyo mweupe.

Mstari wa sifuri

Dhoruba ikishavuka milima hujiunda upya mashariki ya Colorado na kuanza kuja kwetu. Huku tambarare hakuna mlima wa kuizuia wala bahari ya kuituliza. Hewa ya Kanada inashuka kutoka kaskazini, hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na zinakutana juu ya mashamba ya mahindi ya Nebraska na Iowa. Hapo dhoruba moja hugawanyika mikanda mitatu: kaskazini theluji, kusini mvua na hata radi, na katikati ukanda mwembamba wa barafu. Upana wa ukanda huo unaweza kuwa kilometa 50 au 80 tu. Nikiwa na haki ya kuuliza swali moja pekee kuhusu utabiri wa baridi wa nchi hii, nitauliza ukanda wa katikati umepita wapi.

Sababu iko juu, si chini. Chembe inaanza kama theluji mawinguni. Ikiwa njia yote hadi ardhini iko chini ya sifuri, inafika kama theluji. Lakini hewa ya Ghuba ni nyepesi, hupanda juu ya hewa baridi iliyolala chini, hivyo katikati ya njia kunaweza kuwa na tabaka la joto. Theluji ikipita hapo inayeyuka. Ikikuta chini yake tabaka nene la baridi, inaganda tena na kuwa punje za barafu. Hizo utazisikia: zinagonga dirisha kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Ikikuta tabaka jembamba la baridi, haipati muda wa kuganda. Inafika ardhini ikiwa bado maji, yenye ubaridi chini ya sifuri, na inaganda papo hapo kwenye kitu chochote inachogusa: lami, waya wa umeme, ngazi za nyumba, kitasa cha mlango. Mvua hii ni kimya. Unafungua mlango asubuhi, barabara inang'aa kama imepakwa mafuta, tawi la mti limevikwa kioo na linatoa mlio mdogo upepo ukilitikisa. Barafu ya unene wa milimita sita kwenye waya na matawi inatosha kuanza kukata umeme.

Tarehe 11 Februari 2021 mvua ya namna hii ilinyesha Fort Worth, Texas, alfajiri. Kwenye barabara ya I-35W magari zaidi ya 130 yaligongana, na watu sita wakafa. Haikuwa theluji nyingi. Ilikuwa ni utando tu. Siku tano baadaye, Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, gridi ya umeme ya Texas ikazidiwa, na hesabu rasmi ya jimbo ikafikia vifo 246. Nyuzi 19 chini ya sifuri kwa Iowa ni Januari ya kawaida. Watoto wanaenda shule. Nyumba za Texas, mabomba yake na mitambo yake havikujengwa kwa baridi hiyo. Kwa hiyo usichukue namba ya jimbo moja ukaipima kwa jimbo lingine.

Sasa fikiria kazi ya mtabiri. Modeli moja inapitisha kiini cha dhoruba juu ya Des Moines, nyingine kilometa 80 kusini yake. Kwenye ramani ya nchi nzima tofauti hiyo ni upana wa kidole. Kwa mji wetu ni tofauti ya theluji ya sentimeta 20 na barafu ya kung'oa nguzo. Hata kiasi cha theluji chenyewe kinacheza: milimita kumi za maji kwa kawaida hutoa theluji ya sentimeta kumi hivi, lakini hewa ikiwa baridi zaidi theluji huwa nyepesi kama pamba, na maji yaleyale yanatoa sentimeta 20. Mtabiri anapoandika "sentimeta 10 hadi 20" hajashindwa kuamua. Anakuambia ukweli wote alio nao.

Maneno ya onyo

Wasomaji wa Tanzania wamezoea ngazi za Mamlaka ya Hali ya Hewa: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kila moja ni nzito kuliko iliyotangulia. Huku wengi wetu tunayapanga maneno ya Marekani kwa mtindo huohuo, na tunakosea. "Watch" haimaanishi dhoruba ndogo. Inamaanisha dhoruba kubwa inawezekana, ila uhakika bado haujatimia. Mara nyingi ni kama nafasi nusu kwa nusu na kuendelea. "Warning" ni dhoruba hiyohiyo, sasa wana uhakika, au imeshaanza. "Advisory" ndiyo inayohusu jambo dogo zaidi: litakusumbua barabarani bila kufunga mji. Niliwahi kumsikia mama mmoja wa Kikongo kanisani akisema, "Wamebadilisha kutoka watch kwenda advisory, basi imezidi." Ilikuwa imepungua. Mambo haya yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha kupokea wakimbizi, watu wasingekuwa wakibahatisha.

Lipo na jambo la upepo na ngozi. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilometa 24 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya nusu saa. Gari halihisi hivyo: maji ya rejeta hayashuki chini ya joto halisi la hewa. Ni mtoto anayesubiri basi la shule ambaye namba hiyo inamhusu. Tangu Oktoba 2024 maonyo yaliyokuwa yakiitwa ya upepo baridi yamepewa jina la maonyo ya baridi kali, kwa kuwa baridi ya usiku mtulivu usio na upepo nayo inaua.

Ziwa linapotengeneza hali yake ya hewa

Mvuvi wa Ukerewe hahitaji kuelezwa kwamba ziwa lina dhoruba zake. Usiku nchi kavu inapoa, maji ya Ziwa Viktoria yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuelekea majini, na radi zinapiga hadi asubuhi. Maziwa makuu ya Marekani yanafanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa njia ya baridi. Novemba na Desemba maji bado yana joto la kiangazi kilichopita. Hewa kavu ya Kanada ikipita juu yake inapashwa joto kutoka chini, inanyonya unyevu, inapanda, na kumwaga theluji ng'ambo. Wataalamu hutazama tofauti ya nyuzi 13 hivi kati ya maji na hewa iliyoko mita 1,500 juu. Ikifika hapo, kiwanda kimewaka.

Theluji hii huja kwa mistari membamba. I-80 inapita kusini mwa Ziwa Michigan, kaskazini mwa Indiana, na dereva anaweza kutoka kwenye jua, akaingia kwenye ukuta mweupe, akatoka tena kwenye jua, yote ndani ya nusu saa. Novemba 2022, Orchard Park, kusini mwa Buffalo kwenye Ziwa Erie, ilipata zaidi ya mita mbili za theluji, na vitongoji vya kaskazini mwa jiji hilohilo vikapata kidogo sana. Upepo ukigeuka nyuzi chache tu, mstari unahamia mji mwingine. Kwa hiyo hapa usitegemee utabiri wa juzi. Fuata wa saa hii. Ziwa Erie ni la kina kifupi kuliko yote matano, likiganda Januari au Februari mlango wa unyevu unafungwa.

Milima ya Pennsylvania nitaipita haraka. Mwisho wa barabara, New Jersey, swali ni bahari. Dhoruba huzaliwa pwani ya Carolina, pale maji ya moto ya mkondo wa Ghuba yanapopakana na nchi iliyoganda, kisha hupanda kaskazini kando ya pwani. Mgandamizo ukishuka milibari 24 ndani ya saa 24, wataalamu wa hapa hulinganisha na bomu. Ikipita karibu na nchi kavu, upepo wa bahari unageuza theluji ya New York kuwa mvua. Ikipita mbali sana, mji unabaki mkavu. Ipo alama baharini, latitudo 40 kaskazini na longitudo 70 magharibi, wanayoitazama kwa makini: dhoruba ikipita hapo karibu, miji ya pwani ijiandae kwa theluji nzito.

Januari moja mdogo wangu alinipigia jioni akiwa Cheyenne, Wyoming, na mzigo wa Des Moines, kilometa 1,000 mbele. Iowa ya kati ilikuwa kwenye "watch", modeli zinabishana. Nikamwambia alale, puto la saa kumi na mbili limeshapanda, majibu ya kompyuta yatatoka kuanzia saa nne usiku. Alfajiri nikasoma: kiini kimesogea kusini, ukanda wa barafu umeangukia upande wa Missouri, kwetu ni theluji kavu, upepo wa wastani. Aliondoka. Alifika nyumbani kwangu usiku, amechoka, theluji imemjaa kwenye mabega kwa ule mwendo tu wa kutoka kwenye lori hadi mlangoni. Alikula ugali wake kimya, akanawa, kisha akavuta simu yake na kuifungua ramani upande wa mashariki.

"Sasa kaka, na New Jersey je?"